Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Injini Yetu ya Mvuke, Kisumu

Waheshimiwa wanachama, viongozi wenzangu na wazee wetu wa reli,

Nawashukuru mliofika. Mnajijua, maana mmeenea kwenye benchi tatu.

Shughuli za kawaida sitazirudia. Tulikutana bandani kila mwezi isipokuwa Agosti, ambapo akidi haikutimia. Tulizuru Makumbusho ya Reli Nairobi tukapigwa picha kando ya injini kubwa ya mvuke 5918 Mount Gelai, na tukaendesha injini yetu ndogo ya mfano, inayokwenda kwa mvuke halisi, kwenye siku ya wazazi ya shule moja hapa mjini. Hayo mnayajua.

Nije kwenye boila, yaani tangi la injini linalochemsha maji yawe mvuke, maana najua ndiyo iliyowaleta baadhi yenu leo. Imesemwa pembeni, tena si mara moja, kwamba mwenyekiti alichukua pesa za kuezeka banda akanunua kichezeo kutoka ng'ambo, ilhali soko la Kibuye limejaa mafundi wa jua kali. Fundi wa Kibuye alitaka Sh18,000 kutengeneza boila. Seti kamili ya vipuri kutoka Uingereza, boila ikiwemo, pamoja na usafiri na ushuru, ilifika Sh164,000. Hesabu hiyo siikatai. Ila huwezi kulinganisha boila tupu na injini nzima.

Fundi yule ni hodari, na sufuria zake tunapikia. Lakini alipanga kuunga shaba kwa risasi ya kulehemu redio, ambayo huyeyuka kabla ya nyuzi 240. Injini yetu hufanya kazi kwa presha ya pauni 40 kwa inchi mraba, na kwa presha hiyo maji huchemka karibu nyuzi 140, si 100. Maji yakikauka moto ungali unawaka, risasi itaachia. Boila hasa huungwa kwa lehemu ya fedha, isiyoyeyuka hadi nyuzi 600 na ushei, kisha hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi mara mbili ya presha ya kazi. Hutumiwa maji, si hewa, kwa kuwa maji hayashindiliki: kiungo kikiachia, yanachuruzika tu. Hewa ingerusha vipande. Boila yetu ilikuja na cheti cha kupimwa hivyo. Watoto wa shule huinamia injini hii hadi pua zao zikaribie bomba, na aliyetia sahihi barua kwa mwalimu mkuu ni mimi, si wasemaji wa pembeni.

Isitoshe, mkutano wa Februari uliidhinisha. Kumbukumbu anazo katibu. Ambaye hakuja asiseme hakuulizwa.

Wapo pia waliotaka mfano wa Garratt ya daraja la 59, aina ya ile Mount Gelai. Mimi naipenda kuliko wengi wenu. Lakini ile ni boila moja iliyoning'inizwa kati ya injini mbili. Reli ya Afrika Mashariki iliagiza 34 kutoka Manchester, sisi ada inatushinda. Tumeanza na kiinjini cha magurudumu manne kwenye reli ya upana wa milimita 45, ambayo kwa kipimo cha 1:22.5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 22.5, ndiyo ile reli ya upana wa mita moja iliyofika hapa mwaka 1901. Kipimo hicho nilikipendekeza mwenyewe.

Kuunganisha kulifanywa na watu wanne, nami nikiwemo. Mikono inayozungusha magurudumu ya kushoto na kulia sharti ipishane robo mzunguko, la sivyo vyuma hukazana. Injini yetu ilichechemea. Mzee wetu wa karakana alikuwa kando anakunywa chai, hakuinua hata macho, akasema, "Ekseli ya nyuma." Tukafungua, ikawa ndiyo.

Waendeshaji, baada ya kila safari nyonyeni maji kwa sirinji kutoka kwenye kikombe cha mafuta ya kulainisha silinda. Mvuke hugeuka maji humo, yakashuka chini na kuyainua mafuta yaende kwenye silinda. Kikijaa maji, silinda zinasagika. Na boila ijazwe maji ya mvua, si ya mfereji.

Fedha. Tulianza na Sh187,300. Zikaingia Sh39,600 za ada na Sh14,500 za siku ya wazazi. Zikatoka Sh164,000 za seti, 31,200 za reli na mbao, 22,750 za safari ya Nairobi na 6,900 za chai. Salio ni Sh16,550. Kati ya wanachama 31, waliomaliza ada ya Sh2,400 ni 12, wengine 9 wamelipa nusu, na 10 wametuma salamu. Wanaodai banda halijaezekwa wengi wamo kwenye hao 10. Majina anayo mweka hazina, na sitayasoma leo kwa heshima tu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuzungusha reli uwanja mzima, kupata mabehewa mawili matatu, na labda wafadhili. Paa tutaliangalia.

Kuhusu uchaguzi, fomu ziko kwa katibu. Anayekitaka kiti hiki karibu sana, mradi awe amelipa ada.

Mwenyekiti