Roboti imemaliza kazi yake: barua kwa wadogo zangu waliotolewa tezi dume

Wadogo zangu,

Nawaandikia ninyi mliotolewa tezi dume kwa upasuaji wa roboti, na ninyi ambao tarehe ya kulazwa imekaribia. Habari za saratani yenyewe nawaachia madaktari wenu. Mimi nataka kusema juu ya mkojo, maana ndilo swali ambalo wanaume tunalitoa kwa sauti ya chini tukiwa tumeshainuka kitini na mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine. Roboti haipasui mtu kwa akili yake. Daktari huketi pembeni, anatazama picha iliyokuzwa, na vifaa vilivyopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo hufuata mikono yake. Faida zipo: damu inapotea kidogo, na mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Lakini nimewasikia wengi wakiamini kwamba aliyefanyiwa kwa roboti hatavuja. Si kweli. Watafiti wa Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume kwa bahati nasibu, kundi moja likafanyiwa kwa roboti na jingine kwa kufunguliwa tumbo. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 na 2018 hayakuonyesha tofauti ya kutajika katika kuzuia mkojo. Mkono wa daktari aliyezoea una uzito wake, umri wako una uzito wake, kilo zako pia. Baada ya hapo kazi ni ya msuli wako mwenyewe.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kabla ya upasuaji, mkojo ulikuwa na walinzi wawili: msuli wa juu, kwenye shingo ya kibofu, ambao ulibana bila wewe kujua, na msuli wa chini ya tezi, ambao unaweza kuuamrisha. Tezi inapotolewa, mlinzi wa juu huondoka nayo au hubaki dhaifu. Wa chini anabaki peke yake, na hajazoea zamu ya kutwa nzima. Ndiyo maana wengi hukauka usiku kwanza, wakiwa wamelala, lakini jioni pedi hulowa kuliko asubuhi. Ukiona hivyo usidhani umerudi nyuma. Msuli umechoka tu.

Mpira wa mkojo hukaa kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Ukiwa bado umevaa, acha mazoezi ya kubana msuli. Siku ya kwenda kuutoa, beba pedi za kutosha na suruali ya akiba, maana ukishatoka tu mkojo unaweza kuja wenyewe kila unapoinuka, unapokohoa, unapocheka. Hii ndiyo siku inayowavunja watu moyo, na hakuna anayewaambia mapema kwamba ni jambo la kawaida.

Sasa mazoezi. Mnayaita ya Kegel, kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaandikia mwaka 1948 kwa ajili ya akina mama baada ya kujifungua. Msione haya kuazima dawa ya mama zetu. Tatizo ni kwamba wanaume wengi hubana msuli usiohusika. Simama bila nguo mbele ya kioo, pumua kawaida, kisha jaribu kuuvuta uume uingie ndani kana kwamba unataka ufupike. Ukiona umesogea kidogo na korodani zimenyanyuka huku tumbo limetulia, umeupata. Ukiona matako yamekaza, mapaja yamegandana au pumzi imekatika, hapo unachosha misuli mingine. Ukiupata, bana polepole na ushikilie sekunde chache, achia kabisa, pumzika, rudia. Lenga kufika sekunde 10 kwa kila mbano, marudio kama 10, mara tatu kwa siku. Changanya na mibano ya haraka haraka. Kuachia nako ni nusu ya zoezi, kwa sababu msuli uliokaza muda wote huchoka mapema. Na msifanye mazoea ya kukata mkojo katikati mkiwa chooni: mara moja ya kuutambua msuli inatosha, zaidi ya hapo mnaweza kukifundisha kibofu kutomaliza mkojo.

Lakini mbano wa kitandani peke yake hausaidii kama haufiki kwenye maisha. Bana kwanza, ndipo ukohoe. Bana, ndipo uinuke kitini. Bana, ndipo unyanyue mzigo. Kwa maoni yangu hili lina faida kuliko mibano mia ya kuhesabu huku unatazama televisheni. Ambaye bado hajafanyiwa upasuaji na aanze sasa, akiweza kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayejua misuli ya nyonga, kwa sababu kuutafuta msuli ukiwa mzima ni rahisi zaidi.

Jambo linaloniudhi ni haya. Mtu anaacha kunywa maji, anaacha kutoka, anaacha hata ibada, anajifungia. Mkojo ukipungua unakuwa mkali, unakiwasha kibofu, naye anabanwa zaidi. Kunywa maji kama kawaida, punguza jioni, na uangalie kahawa, chai kali na pombe zinakufanya nini. Epuka pia kufunga choo, kwa kuwa kujikamua chooni kunausukuma chini msuli uleule unaoujenga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuzaa kwa njia ya kawaida kumekwisha kwetu, mbegu hazitoki tena, lakini kuficha bado kunatugharimu.

Ukienda kliniki ukaulizwa unaendeleaje, usiishie kwenye "namshukuru Mungu". Taja idadi ya pedi kwa siku. Bora zaidi, pima: pedi kavu ina gramu ngapi, iliyolowa ina ngapi. Gramu moja iliyozidi ni kama mililita moja ya mkojo. Fanya hivyo mara moja moja, si kila siku, usije ukaugua mizani. Sema pia unavuja lini: ukikohoa, au ukibanwa ghafla kabla ya kufika chooni. Hayo ni mambo mawili, na la pili lina dawa zake za kutuliza kibofu. Wake zenu nao waambieni mapema kwamba mkojo unaweza kutoka wakati wa tendo. Hutokea, na kukojoa kabla husaidia.

Mkojo ukigoma kutoka kabisa, ukitoka na mabonge ya damu, ukipata homa au mguu mmoja ukavimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkondo ukizidi kuwa mwembamba baada ya miezi, mwambie daktari, huenda kovu limeubana mrija.

Wengi hupata nafuu kubwa kati ya mwezi wa 3 na wa 12, na wapo wanaoendelea kupona hata baada ya hapo. Mwaka ukipita na bado unalowa, usikubali kuambiwa kwamba ni uzee. Kuna utepe unaopandikizwa kuuinua mrija, kwa wanaovuja kidogo au wastani. Kwa wanaovuja sana kuna msuli bandia: pete inayouzunguka mrija, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani unayoifinya unapotaka kukojoa. Kifaa hicho huanza kutumika wiki kadhaa baada ya kupandikizwa, kidonda kikishapona, hivyo pedi msizitupe siku ya upasuaji.

Kaka yenu mkubwa