Sola isiyo na risasi: imepimwa au imekokotolewa?

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu sola za perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme) ilisema aina isiyo na madini ya risasi "imeshapatikana". Bado. Kilichopatikana ni hesabu ya kompyuta.

Kwa nini risasi iepukwe, Wakenya hatuhitaji kufunzwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na sumu yake kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kweli, risasi kwenye utando wa perovskaiti haifiki gramu moja kwa kila mita mraba. Lakini paneli ikipasuka, maji ya mvua huweza kuitoa.

Shida ni kwamba risasi hii inafanya kazi vizuri mno. Mwaka wa 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8, leo maabara zimepita 25. Bati, ambalo ndilo jirani yake wa karibu kwenye jedwali la elementi, huungana na oksijeni upesi, na wananadharia wameonyesha kuwa atomu zake huchomoka kwenye fuwele kwa urahisi. Mchanganyiko wa madini ya fedha na bismuthi, uliovuma kuanzia 2016, unadumu, ila haufyonzi mwanga vya kutosha. Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana: inatueleza kwa nini kitu kimegoma.

Ninayoilalamikia ni nyingine. Hesabu nyepesi, ile ambayo mwanafunzi huiendesha kwa programu ya bure kama Quantum ESPRESSO, hupunguza pengo la nishati (nishati inayotakiwa ili elektroni ichomoke na kutoa umeme) kuliko lilivyo. Akipuuza pia athari ya spini ya elektroni (sifa yake inayofanana na kujizungusha kama pia), ambayo ni kubwa kwenye risasi, pengo linapanda tena. Makosa mawili yanafutana, anapata takriban elektronivolti 1.6 kama ilivyopimwa maabarani, na anashangilia. Kisha anahamia kwenye bati. Huko athari ya spini ni ndogo, hakuna wa kumfutia kosa, na hesabu inampa chini ya 1 wakati kipimo halisi cha iodidi ya sizi (caesium) na bati ni karibu 1.3. Namba hiyo inapigwa chapa kwenye tasnifu, msimamizi anatia sahihi (nasi wasimamizi tuna haraka zetu), na mwandishi wa habari anaikuta hapo.

Si kwamba hatuna uwezo. Mafunzo ya Afrika ya hesabu hizi, ASESMA, yalifanyika hapa Eldoret mwaka wa 2012. Basi vyuo vikatae tasnifu isiyotaja athari ya spini wala kuonyesha kama fuwele yenyewe itadumu. Nanyi gazetini, kabla ya kuandika "imepatikana", mwulizeni mtafiti kama ameishika mkononi.

Mwalimu wa fizikia,
Eldoret