Kwa wazazi wa watoto watakaoghani arusini

Assalaam alaykum, wanangu wa Mkomani na Langoni, mitaa yetu ya Lamu.

Msimu wa arusi umekaribia, na tayari nimeletewa watoto watatu niwafundishe kughani utenzi mbele ya jamaa. Wote watatu walikuja na beti zilizorekodiwa kwenye simu, wamezihifadhi kwa kuiga sauti tu, bila kujua neno linaanzia wapi wala pumzi ikatwe wapi. Ndiyo sababu nikaona niwaandikie.

Utenzi una mizani, yaani silabi, nane kwa kila kipande na vipande vinne kwa kila ubeti, vitatu vya mwanzo vikipatana kwa kina, yaani sauti ya mwisho, na cha nne kikibeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka tamati. Mtoto mdogo hana haja ya kusomewa kanuni hizo. Mimi humtandazia komwe nane, zile mbegu za kuchezea bao, mkekani, asogeze moja kwa kila mizani. Akimaliza kipande na komwe imebaki, anajua mwenyewe kwamba amemeza kitu. Juzi mmoja alitatizwa na neno "mtoto", akalitolea komwe mbili badala ya tatu. Nilimwambia afumbe midomo aisikilize ile "m" inavyosimama peke yake. Akacheka, na tangu hapo hakukosea.

Linaloniudhi zaidi ni kuwasahihisha watoto palipo sahihi. Baba mmoja alifuta "mato", ndiyo macho kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, katika daftari la mwanawe akaandika "macho", akidhani anasafisha lugha. Ubeti wenyewe niliutunga mimi:

Mwanangu fumbua mato,
usizame kwenye ndoto,
arusi haiwi nzito
nasi tumeshikamana.

Tieni "macho" hapo, kisha mghani kwa sauti. Mizani zimetimia, lakini kina kimevunjika, na ubeti unachechemea. Maneno yetu ya Kiamu ndiyo yaliyobeba tenzi za visiwa hivi. Mwana Kupona, mshairi wetu wa kale, alipomtungia bintiye utendi (ndio utenzi) wa mawaidha mwaka 1858, hakuhitaji kuazima ulimi wa mahali pengine. "Macho" mtoto atayapata shuleni, na ayashike barabara, ila asiyalete ndani ya ubeti usioyataka.

Beti kumi zamtosha anayeanza. Msimzidishie kwa sababu mtoto wa jirani alighani ishirini.

Tena kuna hili la tuzo. Arusi moja mwaka jana, mtoto alikuwa katika ubeti wa sita shangazi zake walipomvamia kwa noti na vigelegele, wengine wakimwelekezea simu usoni. Akapotea, akaanza upya, kisha akalia. Nami nilikuwa na noti yangu mkononi, sikatai. Safari hii tukae nazo mpaka atamke tamati, ndipo tumtunze.

Mwenye kutaka msaada na amlete mtoto barazani kwangu baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mkeka upo na komwe zipo. Simu iacheni nyumbani.

Wassalaam,
Mzee wenu