Mkipumzika, Pakeni Injini Grisi

Kwenu vijana wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwaloni Katonga,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi nikipita kwenda sokoni, na marahaba yangu hutoka moyoni. Ila Jumapili mliniamkia bila kuinua macho. Nikamuuliza katibu wenu, akaniambia wanne mnataka mrudishiwe hisa. Mmoja anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, mwingine anatafuta cherehani, wa tatu bodaboda, wa nne matofali ya nyumba ya mama yake. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue ile miezi 3 ya mwaka 2024, akiba haijakaa sawa, na wote mmesema neno moja: hamu imeisha.

Wajukuu zangu, siwalaumu. Hamu huisha. Sisi wavuvi wa dagaa tunalijua hilo, maana kazi yetu ni ya giza. Mbalamwezi ikishakolea, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na mitumbwi inalala mchangani. Hakuna anayesema ziwa limemkataa. Wazee mnawaona chini ya mwembe, wavu umetandazwa miguuni, kidole gumba kinapapasa kutafuta tundu, sindano inapita, fundo linakazwa kwa meno. Anayelala mbalamwezi nzima, giza likirudi anaingia ziwani na wavu uliotoboka.

Hili nimelijua kwa kuumia. Mwaka 1986 nilikuwa natafuta mtumbwi wangu mwenyewe. Wavu ninao, karabai mbili ninazo, zimebaki mbao. Yakaja magiza matatu mfululizo, alfajiri tunarudi na dagaa wasiofunika hata chini ya beseni. Nikauza wavu kwa bei ya kutupa, karabai nazo zikafuata. Giza lililofuata dagaa walitoka mpaka watu wakakosa pa kuanika, wakaanika hadi njiani. Mimi nilikuwa nabebea wenzangu mabeseni kwa ujira. Kuchoka halikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa namna nilivyoacha: sikubakiza hata uzi wa kunirudisha. Nilihangaika miaka 6 kufika tena pale nilipokuwa.

Meli ya Liemba mnaijua. Iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowazidi, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Kila nikikumbuka ile grisi najiona mimi na wavu wangu. Wale walikuwa wameshindwa vita, na bado walifikiria siku ya kuiwasha tena.

Basi wewe wa mtihani, vitabu usivifungie sandukuni. Swali moja la hisabati kila jioni, moja tu, kabla ya kushuka mwaloni. Wa cherehani na wa bodaboda, kama shilingi 2,000 ya hisa imeshindikana toeni 500, ila majina yenu yasifutwe daftarini. Na wewe wa matofali, hata tofali moja kwa wiki mama analiona.

Nilipoanza upya sikuhesabu dagaa tena, kwa kuwa dagaa si wangu kuwaamulia. Nilihesabu kazi niliyoifanya kwa mkono wangu. Kila siku niliyoshona wavu au kuweka senti ya mbao, nilichora mstari wa mkaa ukutani nyuma ya mlango. Siku nyingine ule mstari ndio ulioniinua kitandani, maana sikutaka kuona pengo. Mke wangu alipokandika nyumba upya, aliuzungusha udongo pembeni ya ile mistari, hakuigusa. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Mkutano wenu ni Alhamisi. Nawaomba ninyi wanne msichukue hisa kabla sijafika. Nitakuja baada ya alasiri. Wa hisabati aje na daftari lake. Mjukuu wangu aliyemaliza kidato cha sita yupo nyumbani, atakaa naye barazani mpaka magharibi.

Babu yenu,
Katonga, Kigoma