Wajukuu zangu wa Utoto Mtakatifu: siku Bakhita alipokataa

Wajukuu zangu wa Utoto Mtakatifu, chama chetu cha watoto Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kila Februari 8, sikukuu yake, mnasimuliwa habari za Mtakatifu Yosefina Bakhita, na kila mara mnaambiwa alikuwa mpole. Alikuwa mpole kweli. Ila mpole huyo aliwahi kukataa katakata, na watu wazima tunapenda kuiruka sehemu hiyo.

Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Wafanyabiashara ya watumwa walimwiba angali mdogo, akaingiwa na hofu hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Aliuzwa, akauzwa tena. Alitoroka na msichana mwenzake, wakakamatwa. Bibi mmoja aliagiza achanjwe mwilini, kisha vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Siwafichi, mwenyewe aliyasimulia.

Balozi mdogo wa Italia alimnunua mwaka 1883 huko Khartoum, na kwake hakupigwa. Akafika Italia, akapewa familia nyingine, akawa yaya wa mtoto wao aitwaye Mimmina. Mama wa mtoto aliposafiri kwenda Sudan, aliwaacha wote wawili kwa masista wa shirika la Wakanosa, mjini Venice. Hapo Bakhita akafundishwa kumjua Mungu.

Mwaka 1889 yule mama akarudi kuwachukua. Bakhita akasema: mimi siendi. Hebu fikirini! Hana ndugu, hana hela, yuko ugenini. Mama akambembeleza, akafoka, akamwita asiye na shukrani. Na Bakhita alimpenda Mimmina, kwa hiyo kumwacha kulimuuma. Hakuyumba. Masista wakamtetea, shauri likafika mbele ya wakubwa, na Novemba 29 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa: yuko huru. Januari 9, 1890, akabatizwa. Baadaye akawa sista, akapika na kulinda mlango wa nyumba yao mjini Schio, Italia, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu.

Sasa nisikilizeni. Kuwaheshimu baba na mama ni amri ya Mungu, sibishi. Lakini mkubwa yeyote, hata awe wa kanisani, akikutaka ufanye jambo la kukuumiza, au akikuambia “hii ni siri yetu”, kataa. Kisha kaseme. Bakhita naye hakushinda peke yake. Mwambie mama, mwalimu au sista. Asipokusikiliza, mwambie wa pili, na wa tatu.

Ni mimi, babu yenu.