Kuchagua Vipodozi vya Kupunguza Dalili za Uzee Vinavyoifaa Ngozi Yako

Swali tunaloulizwa na wateja kuliko jingine lolote ni krimu gani inayoondoa makunyanzi, na kabla ya kulijibu huwa tunauliza mawili: ngozi yako ina tabia gani, na ni dalili ipi hasa ya uzee inayokusumbua? Mtu mwenye ngozi kavu iliyoanza kukunjamana pembeni mwa macho na mtu mwenye ngozi ya mafuta asiye na kunyanzi hata moja, ila mashavu yake yamejaa madoa, wote wanaona umri ukijitokeza usoni. Hata hivyo, kinachomfaa wa kwanza kinaweza kumletea wa pili chunusi, na kinachomfaa wa pili kinaweza kumbabua wa kwanza. Ndiyo maana hatumchagulii mteja kipodozi kwa kuangalia umri wake, wala kwa sifa zilizoandikwa mbele ya kopo.

Ngozi huzeeka kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya umri wenyewe: kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka tangu mtu anapoingia utu uzima, na kwa wanawake huporomoka zaidi baada ya kukoma hedhi, kiasi kwamba karibu asilimia 30 inaweza kupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Wakati huohuo seli za juu, ambazo kwa kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, huanza kuchelewa, na uso hupoteza mng'aro. Njia ya pili hutoka nje, na sehemu yake kubwa ni jua. Miale ya urujuanimno ya aina ya UVB huunguza tabaka la juu, lakini ile ya UVA hupenya hadi tabaka la ndani, huvunja kolajeni na elastini (protini inayoifanya ngozi inyumbuke), na hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Moshi wa sigara nao huharibu vivyo hivyo. Njia hii ya pili ndiyo inayozuilika, na ndipo fedha ya mteja inapofanya kazi kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, mteja mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu tunamshauri anunue sanskrini, yaani krimu ya kuikinga ngozi na jua. Hilo halisemwi kwa mazoea. Utafiti uliofanywa Queensland, Australia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulifuatilia watu 903 wenye umri wa chini ya miaka 55 kwa miaka 4 na nusu, na waliotakiwa kupaka sanskrini kila siku walionyesha dalili za ngozi kuzeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka kwa hiari yao. Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale ya UVB, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo namba kubwa sana haiongezi mengi kama unapaka kidogo. Kinachopunguza faida kwa watu wengi ni kiasi: uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya krimu iliyokamuliwa kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, na unapokuwa nje unapaswa kurudia kila baada ya saa mbili. Kwa kuwa SPF hupima kinga dhidi ya UVB zaidi, hakikisha kopo lina pia herufi UVA ndani ya duara, au alama ya PA, inayoonyesha kinga dhidi ya UVA, yenye vijumlisho (+) kadhaa.

Wateja wenye ngozi nyeusi mara nyingi hutuambia kwamba sanskrini si yao. Ni kweli kwamba melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, hutoa kinga ya asili, iliyowahi kukadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi, na ndiyo sababu makunyanzi huchelewa kwao. Lakini umri kwao huanza kuonekana kwa njia nyingine: madoa, weusi kuzunguka mdomo na macho, rangi isiyolingana usoni. Madoa hayo hukolezwa na jua, tena si na urujuanimno peke yake bali na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao sanskrini zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha. Sanskrini yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma, ndiyo inayosaidia hapo, na ina faida ya kutoacha ule weupe ambao oksidi ya zinki huuacha kwenye ngozi nyeusi. Mwenye ngozi ya mafuta atafute iliyo nyepesi ya jeli au ya majimaji. Mwenye ngozi kavu, ya krimu. Na yule ambaye ngozi yake huwasha kwa kila kitu, ile inayotegemea oksidi ya zinki, kwa sababu huvumilika zaidi.

Kuijua ngozi yako hakuhitaji mashine. Osha uso kwa sabuni laini, usipake chochote, kisha subiri saa moja. Ikibana na kuchubuka, ni kavu. Iking'aa kote, ni ya mafuta. Iking'aa kwenye paji la uso, pua na kidevu pekee, ni ya mchanganyiko. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: ngozi ya mafuta inaweza kukosa maji, na dalili yake ni uso unaong'aa na kubana kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo huendelea kujisugua na kutumia sabuni kali akidhani anaondoa mafuta, kumbe anaidhoofisha ngozi na kuifanya ionekane imechoka kuliko umri wake. Anachohitaji ni kitu chepesi chenye gliserini au asidi ya hyaluroniki ya kuvuta maji, na niasinamidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 2 hadi 5, ambayo hupunguza mafuta, huimarisha kinga ya ngozi na hufifisha madoa taratibu. Mwenye ngozi kavu huhitaji pia seramidi, mafuta yanayopatikana kiasili kwenye ngozi, na mafuta mazito ya kuyafungia maji hayo ndani.

Kati ya viambato vya kutibu makunyanzi, kundi lenye ushahidi mrefu zaidi ni la vitamini A. Tretinoini iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, na mwaka 1986 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba huirekebisha ngozi iliyozeeshwa na jua. Hiyo ni dawa ya daktari, nasi hatuiuzi. Tunachouza ni retinoli, ambayo ngozi huigeuza yenyewe kwa hatua mbili hadi kuwa asidi ya retinoiki, ambayo ndiyo tretinoini yenyewe, na kwa hiyo ni polepole na laini zaidi. Usiikimbilie ile yenye nguvu kubwa. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2024 kwamba vipodozi vya uso visizidi asilimia 0.3 ya retinoli, na kiwango hicho kinatosha kabisa kwa anayeanza. Wenye ngozi kavu au nyeti tunawaanzisha chini yake. Paka kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, kwenye ngozi iliyokauka, mara mbili kwa wiki, kisha uongeze ngozi inapozoea. Ikiwa uso unabana, tanguliza krimu ya kulainisha. Matokeo hutarajiwa baada ya wiki 12 au zaidi, na mteja anayeacha katika wiki ya nne kwa kuona hakuna kilichobadilika huwa ameacha kabla ya wakati. Mjamzito, au anayepanga kupata ujauzito, asitumie kabisa bidhaa za kundi hili.

Tunasisitiza mwendo wa taratibu kwa sababu nyingine muhimu. Kwenye ngozi nyeusi kila mwasho, kila kuungua na kila kuchubuka kunaweza kuacha doa linalodumu kwa miezi. Mtu aliyekuja kutafuta kipodozi cha kuondoa madoa anaweza kuondoka na kitakachomletea mengine, kwa kuwa tu kilikuwa na nguvu kupita uwezo wa ngozi yake. Ndiyo maana hatumshauri mtu atumie retinoli na asidi za kuchubua, kama ile ya glaikoliki, usiku mmoja. Kwa ngozi nyeti asidi ya laktiki ni laini zaidi, na kwa ngozi ya mafuta yenye chunusi ile ya salisiliki hupenya vizuri kwenye vinyweleo.

Vitamini C hufaa asubuhi, chini ya sanskrini, hasa kwa ngozi iliyofifia. Asidi ya askobiki, yaani vitamini C halisi, hufanya kazi vyema kati ya asilimia 10 na 20, ila huhitaji mchanganyiko wenye uchachu mkali na huharibika kwa hewa na mwanga, kwa hiyo kataa iliyowekwa kwenye chupa angavu, na ile iliyogeuka rangi ya kahawia.

Krimu za kolajeni zinaulizwa sana. Molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Hubaki juu, hushikilia unyevu, na uso huonekana laini kwa saa kadhaa. Ukitaka kulainisha ngozi, ni sawa. Ukitaka kurudisha kolajeni iliyopotea, hapana.

Kuna bidhaa ambazo hatuziingizi dukani kwa namna yoyote: krimu zinazoahidi kurudisha ujana na kung'arisha uso ndani ya siku chache, bila orodha ya viambato. Baadhi ya krimu za aina hii zimekutwa na zebaki, ambayo hudhuru figo na neva na ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unalenga kuiondoa katika vipodozi. Nyingine zimetiwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, ambazo mwanzoni huufanya uso uonekane laini, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana na michirizi ikatokea, yaani uzee uleule uliokuwa unakimbiwa. Kama umekuwa ukitumia krimu unayoishuku, usiiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, kwa maana steroidi zikikatishwa ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba.

Unaposoma orodha ya viambato, kumbuka kwamba hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Kiambato kilichotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo kikiwa cha mwisho kwenye orodha, nyuma ya manukato, uliza kabla ya kulipa; kwa retinoli, hata hivyo, kiasi kidogo ni kawaida. Mwenye ngozi nyeti aepuke manukato kabisa. Tazama pia mchoro wa kopo lililofunguliwa: 6M au 12M ni idadi ya miezi ambayo bidhaa inapaswa kutumika baada ya kufunguliwa.

Anza na bidhaa moja kwa wakati. Ipake sehemu ndogo ya ndani ya mkono mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, ndipo uipeleke usoni. Unapokuja kwetu kwa ushauri, njoo na makopo yote unayotumia sasa, pamoja na majina ya dawa unazopaka au kumeza, na ikiwezekana uso uwe haujapakwa vipodozi, ili tuone ngozi yenyewe. Mara nyingi kazi yetu ya kwanza ni kupunguza: mteja huja na krimu nyingi zinazogongana, akaondoka akiwa amebakiwa na sabuni laini, krimu ya kulainisha na sanskrini, huku retinoli au vitamini C ikisubiri hadi ngozi itulie. Doa linalobadilika umbo au rangi, linalotoa damu, au kidonda kisichopona hatukiuzii kipodozi; hapo tunakuelekeza kwa daktari wa ngozi siku hiyohiyo.