Kisu cha pili usoni kisubiri mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na dada na kaka zetu wanaofanyiwa upasuaji wa urembo usoni, kisha kidonda hakijakauka vizuri wanataka warudi kurekebishwa. Mimi ni mpiga picha za pasipoti hapa Majengo, Dodoma. Si daktari, ila nyuso ndiyo kazi yangu. Mdogo wangu wa kike alipochongwa pua nje ya nchi aliniomba nimpige picha kila mwezi: kiti kilekile, taa ileile, mbele na pande zote mbili.

Miezi ya mwanzo alilia sana. Ncha ilikuwa nene, na upande wa kushoto umeinuka kuliko wa kulia. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu akilala maji ya uvimbe hukusanyika usoni. Akaanza kutafuta wa kumrudia, na akampata: kliniki moja ilimwambia kwa simu alipe, aje mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Picha ndizo zilizomzuia. Nilipozipanga mezani aliona mwenyewe pua inavyonywea mwezi hadi mwezi, na iliendelea hata nusu mwaka ulipopita. Leo ule upande ulioinuka siuoni hata mimi ninayejua pa kuutazama.

Daktari aliyempasua alimwambia wazi tangu awali: pua isirudiwe kabla ya miezi 12, na mwenye ngozi nene huenda akasubiri zaidi, maana ncha ndiyo ya mwisho kushuka. Kovu la ndani nalo hujijenga upya mwaka mzima, pengine na zaidi. Ukilikata lingali bichi na gumu, daktari hawezi kujua umbo la kweli ni lipi na uvimbe ni upi, na unaongeza kovu juu ya kovu. Jua letu hili la Dodoma hulitia weusi kovu jipya, kwa hiyo mtandio au kofia pana ni sehemu ya dawa.

Keloidi, yaani kovu linaloota kupita jeraha lenyewe, ni habari nyingine, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Kovu likianza kutambaa nje ya mpaka wa jeraha, lionyeshwe mapema lichomwe sindano. Likikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi. Wala usisubiri damu isiyokoma, usaha na homa, uvimbe wa ghafla wa upande mmoja, jicho lisilofumba baada ya kope kupasuliwa, au kushindwa kupumua. Hayo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwako Mhariri, naomba jambo moja. Tangazo lolote la upasuaji wa uso mnalopokea litaje jina la daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na lieleze muda wa kusubiri kabla ya marekebisho, kwa herufi kubwa kama zile za bei.

Mpiga picha,
Majengo, Dodoma